Daktari Watson, Mwandishi wa Logi

Najua nimepotea kwa muda, kazi zimenibana, lakini leo nimerudi na jambo ambalo limekuwa likinikereketa tangu mwezi jana. Halihusu simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Linahusu daktari mmoja Mwingereza ambaye hakuwahi kuishi hata siku moja.

Nilikutana naye mara ya kwanza kwenye maabara ya kompyuta ya shule ya upili. Mashine zetu zilikuwa kuukuu, bado zinatumia Windows XP wakati wenzetu mjini walishahama zamani. Siku moja programu ikaanguka katikati ya somo, na kabla hatujamwita mwalimu kikatokea kijisanduku kikisema kwamba Dr. Watson, yule mchunguzi wa programu zilizokufa, naye amepata hitilafu na itabidi afungwe. Darasa zima lilicheka. Daktari amemfuata mgonjwa wake kaburini! Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba Dr. Watson ni mfanyakazi fulani wa Microsoft.

Baadaye nikiwa chuoni ndipo nilipopata kisa chenyewe. Chombo hicho kiliandikwa na mtayarishaji programu aitwaye Don Corbitt, na jina lake la kwanza lilikuwa Sherlock. Halafu likabadilishwa likawa Dr. Watson, na kikabaki na jina hilo kwenye Windows miaka yote ya 1990 hadi XP. Vista ilipotoka mwaka 2007 kikaondolewa, kazi yake ikapewa mfumo mwingine wa kuripoti hitilafu.

Kazi yenyewe ilikuwa nini? Programu ikifa, Dr. Watson aliamka, akaangalia maiti ingali moto, akaandika kila alichokiona kwenye faili liitwalo drwtsn32.log: saa, tarehe, jina la programu, nambari ya kosa, programu nyingine zilizokuwa zikiendelea, na hali ya kumbukumbu wakati huo. Basi. Hakutibu. Hakumtaja mhalifu. Aliandika tu, ili mtu mwingine aje asome na kufikiri. Kwa hiyo naona jina la pili lilifaa kuliko la kwanza, na nadhani aliyelibadilisha alimwelewa Watson kuliko watu wengi waliotengeneza filamu zake.

Haya, turudi nyuma kidogo.

Arthur Conan Doyle alikuwa daktari kijana mwenye wagonjwa wachache huko Southsea, mtaa wa mji wa Portsmouth, alipoandika hadithi ya kwanza ya Sherlock Holmes. Kwenye karatasi zake za mwanzo mpelelezi aliitwa Sherrinford Holmes, na mwandani wake aliitwa Ormond Sacker. Hebu fikiria jina hilo! Kwa bahati nzuri alilifuta akaweka John Watson, jina la kawaida kabisa, la mtu ambaye ungempita barabarani usigeuke kumtazama. Hadithi hiyo, A Study in Scarlet, ilitoka mwaka 1887 katika Beeton's Christmas Annual, na Doyle akaiuza pamoja na haki zake zote kwa pauni 25.

Hakuwa wa kwanza kutumia mtindo huo. Edgar Allan Poe wa Marekani alikuwa amempa mpelelezi wake Dupin rafiki wa kusimulia mwaka 1841, ila rafiki huyo hakupewa hata jina. Na nje ya hadithi za kubuni kulikuwa na James Boswell, aliyemfuata mwanachuoni Samuel Johnson miaka na miaka akiandika kila alichosema, kisha mwaka 1791 akachapisha kitabu kizima juu yake. Holmes mwenyewe anamlinganisha Watson na Boswell katika hadithi fupi ya kwanza, ile ya mwaka 1891. Alichoongeza Doyle ni kumpa msimulizi maisha yake mwenyewe, pamoja na kidonda.

Watson ana shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha London, ya mwaka 1878. Anajiunga na jeshi, anapelekwa Afghanistan, na anapigwa risasi kwenye vita vya Maiwand, ambavyo Waingereza walishindwa tarehe 27 Julai 1880. Hivyo ni vita vya kweli, viko kwenye vitabu vya historia. Anayemwokoa ni askari msaidizi wake aitwaye Murray, anayemtupa juu ya farasi wa mizigo na kumfikisha kwa wenzao. Baada ya hapo Watson anaugua homa ya matumbo, anarudishwa London akiwa amekonda, hana jamaa wala pesa, na anatafuta mtu wa kuchangia naye kodi ya nyumba. Ndivyo anavyofika 221B Baker Street. Murray anatajwa hapo mwanzo tu, halafu hasikiki tena. Mshike jina hilo.

Jambo moja litakalomfurahisha yeyote aliyewahi kusafisha hifadhidata ya mtu mwingine: kidonda cha Watson kinahama. Kwenye kitabu cha kwanza risasi ilimpiga begani. Kwenye cha pili, The Sign of Four cha mwaka 1890, kidonda kiko mguuni. Na katika hadithi moja ya mwaka 1891 mke wake anamwita James, ilhali yeye ni John. Mashabiki wamekesha wakitafuta maelezo ya mambo haya. Mimi naona maelezo ni rahisi: Doyle aliandika haraka na hakurudi kuangalia. Tabia za Holmes ndizo watu walizozishika. Bega la Watson nani alilijali?

Lakini ukisoma hadithi zenyewe unaona nani amebeba mzigo. Kuna hadithi fupi 56 na vitabu vinne. Hadithi nne tu kati ya hizo zote hazisimuliwi na Watson: mbili zinasimuliwa na mtu asiyetajwa, na mbili na Holmes mwenyewe. Zisome hizo mbili za Holmes, za mwaka 1926, uone anavyohangaika. Ile ya The Blanched Soldier inaanza na Holmes akikiri kwamba, baada ya miaka ya kumsumbua Watson kuhusu uandishi wake, sasa ameshika kalamu na kutambua kuwa habari lazima ipangwe kwa namna itakayomvutia msomaji. Tatizo ni la kiufundi. Holmes anajua jibu mapema. Akisimulia yeye, ama atuambie mara moja hadithi ife, ama atufiche kwa makusudi tumwone mdanganyifu. Watson hana tatizo hilo. Anaona kila kitu ambacho Holmes anaona, matope kwenye kiatu, jivu la sigara, ila hajui maana yake. Kwa hiyo anaweza kutupa data yote kwa uaminifu bila kutoa jibu. Sisi wa kompyuta tungesema Watson ndiye kiolesura, ule upande wa programu ambao mtu anaugusa. Injini inaweza kuwa ya ajabu namna gani, bila upande huo hakuna atakayeitumia.

Padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitoa mwaka 1929 amri kumi za kuandika hadithi hizo. Amri ya tisa inamhusu rafiki huyu wa mpelelezi, ambaye kufikia wakati huo alikuwa akiitwa tu "Watson", kama jina la cheo. Asifiche wazo lolote linalompitia kichwani, na akili yake iwe chini ya ya msomaji wa kawaida, lakini kidogo sana. Kipimo hicho kidogo sana ndicho wengi walichokipoteza.

Waliokipoteza zaidi ni watu wa sinema. Kuanzia mwaka 1939 hadi 1946 zilitengenezwa filamu 14 ambamo Basil Rathbone alikuwa Holmes na Nigel Bruce alikuwa Watson. Bruce alimfanya Watson mzee mnene wa kubabaika, wa kupotea njia na kunung'unika. Alichekesha, sitakataa. Lakini picha hiyo ilishika kama gundi. Miaka arobaini hivi, ukisema "Watson" watu walimwona Bruce, wakasahau kwamba huyu ni daktari wa upasuaji wa jeshini aliyenusurika vitani. Ilibidi ifike mwaka 1984, runinga ya Granada ya Uingereza ilipoanza mfululizo wake, ndipo David Burke na baadaye Edward Hardwicke wakamrudishia heshima yake. Mwaka 2010 BBC ikamleta akichezwa na Martin Freeman, akiwa tena ametoka vitani Afghanistan, na safari hii kesi za rafiki yake anaziandika kwenye blogu. (Nilifurahi sana. Mwenzetu!) Mwaka 2012 Wamarekani wakamfanya mwanamke, Joan Watson, akichezwa na Lucy Liu.

Kabla sijasahau: kompyuta ya IBM iitwayo Watson, iliyowashinda Ken Jennings na Brad Rutter kwenye mchezo wa maswali wa Jeopardy! mwaka 2011, haikupewa jina la daktari. Ilipewa la Thomas J. Watson, aliyeiongoza IBM kwa miaka mingi. Na yule Watson aliyeitwa na Alexander Graham Bell kwenye simu tarehe 10 Machi 1876 ni Thomas A. Watson, fundi wa Boston, mtu mwingine kabisa. Naona jina hili lina mkosi wa kusimama kando ya majina makubwa.

Mkosi huo umefika hata Apple. Mwaka 1998, kwenye Mac OS 8.5, Apple walitoa chombo cha kutafutia mafaili na habari za mtandaoni wakakiita Sherlock. Mwaka 2001 kampuni ndogo ya Karelia, ya mtayarishaji programu Dan Wood, ikatoa programu ya kukaa kando yake, ikiitwa Watson. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 2002 Apple wenyewe waliipa tuzo. Mwaka huohuo Agosti wakatoa Sherlock 3, iliyofanya takriban yote yaliyofanywa na Watson, bure, ndani ya kila Mac. Tangu siku hizo watayarishaji wa programu wana kitenzi kwa ajili ya jambo hili: mtu akisema ame-"sherlockiwa", elewa kwamba kampuni kubwa imechukua wazo lake ikaliweka ndani ya mfumo wake. Sherlock yenyewe iliondolewa mwaka 2007.

Nasi huku hatukukosa Watson wetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Humo alimleta Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, ambaye kila asomaye humwona Holmes nyuma yake. Na Bwana Msa ana Najum. Vikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973 na vingine. Mimi nilivisoma nikiwa kidato cha pili, kutoka kwenye maktaba ambayo nusu ya vitabu vyake vilikuwa havina jalada. Nikimaliza nilikuwa nikijifanya Bwana Msa bwenini, natafuta nani aliyeiba sabuni. Kila mmoja alitaka kuwa Bwana Msa. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyejitolea kuwa Najum.

Sasa nifike kwenye kilichonikereketa.

Katika hadithi ya Silver Blaze, ya mwaka 1892, Holmes na Watson wamo kwenye treni wakielekea Dartmoor kumtafuta farasi aliyepotea, na Holmes anasema, kwa maneno yangu, kwamba hakuna kinachoifungua kesi kama kumwelezea mtu mwingine. Miaka 107 baadaye, kwenye kitabu cha The Pragmatic Programmer cha Andrew Hunt na David Thomas, wazo hilohilo linatokea na bata wa raba, yule watoto wanayemchezea kwenye beseni. Ukikwama na msimbo wako, mweke bata mezani umwelezee mstari kwa mstari, nawe utaona kosa mwenyewe. Kila ofisi ya programu ina mzaha wa bata. Tofauti ni kwamba Watson huuliza maswali.

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye ofisi ndogo hapa Nairobi tukiutunza mfumo wa mikopo wa sacco moja. Wanachama fulani walikuwa wakitozwa faini ya kuchelewa kulipa ilhali makato yao yamepita. Si wote. Na waliolalamika walikuwa karibu wote wazee, walimu waliostaafu, watu wa kupiga simu asubuhi na mapema wakiwa na stakabadhi mkononi. Siku ya tatu nikamwita mwenzangu wa dawati la pili nikaanza kumwelezea. Makato yanaanza kupita tarehe mosi saa sita na nusu usiku, kwa kufuata nambari za uanachama. Wazee ndio wenye nambari ndogo, kwa hiyo ni wa kwanza kwenye foleni. Foleni ni ndefu, inafika hadi karibu alfajiri. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo saa sita na nusu ni ya wapi? Ya hapa ama ya seva?"

Nilipiga meza. Seva ilikuwa ikihesabu saa za Greenwich, saa tatu nyuma yetu. Kwa seva, malipo yote yaliyopita kabla ya saa tisa usiku kwetu yalikuwa bado ya jana, yaani ya mwezi uliokwisha. Wazee walilipa mwezi mpya, mfumo ukaandika mwezi wa zamani, na faini ikafuata. Seva haikuwa na kosa. Ni sisi ambao hatukuibadilisha saa wakati wa kusoma tarehe. Marekebisho yalikuwa mistari minne.

Ripoti niliiandika mimi. Niliandika "nimegundua". Nikasifiwa kwenye mkutano, mwenzangu akiwa ameketi palepale, akipiga makofi na wengine. Mkataba wake ulipoisha baada ya miezi michache haukuongezwa, na mimi sikusema neno.

Mwezi jana kosa la ukoo huohuo lilirudi, safari hii kwenye taarifa za mwisho wa mwezi. Nikakumbuka kwamba mwenzangu alikuwa na faili la kumbukumbu za kazi, tuliyekuwa tukimcheka kwa ajili yake. Nikalifungua. Kila siku ilikuwa mle: tulichojaribu, kilichoshindikana, nani alisema nini. Nilipata nilichokuwa nikitafuta kwa dakika kumi. Halafu nikaitafuta ile tarehe ya wazee. Ameandika kosa lilivyokuwa, hatua kwa hatua, safi kabisa. Na chini yake ameandika kwamba aliyeligundua ni mimi. Swali lake halimo.

Kuna hadithi ya mwaka 1924, The Three Garridebs, ambamo Watson anapigwa risasi ya paja, na Holmes anashtuka kwa namna ambayo hajawahi kuonyesha. Watson anaona kwamba jeraha limestahili, kwa kuwa hatimaye ameuona moyo wa rafiki yake. Nilipoisoma zamani niliona ni pahali pazuri sana. Nimeirudia wiki hii nikajiuliza kwa nini ilibidi apigwe risasi kwanza. Na nikamkumbuka Murray. Watson aliokolewa na mtu, akaandika kurasa maelfu juu ya mtu mwingine.

Nilimpigia simu mwenzangu Jumapili. Siku hizi yuko Mombasa, anafanya kazi na watu wa kusafirisha mizigo. Nikamwambia nimekuwa nikisoma faili lake.

"Msiniambie bado mnasoma saa ya London," akasema.

"Pahali pamoja tu," nikamwambia. Akacheka sana. Nikamweleza kuhusu ile tarehe na ile ripoti yangu. Akanyamaza kidogo, nikasikia pikipiki ikipita kwake. "Wacha hiyo, mzee. Ilikuwa kitambo."

Jumatatu nililifungua lile faili tena. Mstari wake sikuufuta. Chini yake nimeongeza tarehe ya siku hiyo, jina lake kamili, na swali lake kama alivyoliuliza.